Sadaka ya Kompyuta Yangu ya Roketi

Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, aliingia kwenye flati yangu ya Queensbury, London, kwa ufunguo niliompa mwenyewe, akaibeba kompyuta yangu, akaitia kwenye kontena la kwenda Unguja. Ati sadaka!

Ngoja nieleze, maana watu hucheka. Mie narusha roketi. Si fataki, roketi hasa, ndefu kunishinda, niliyoiunda jikoni kwangu kwa bomba la karatasi ngumu na gundi. Tunazirusha kwa ruhusa kwenye shamba la mkulima mmoja nje ya London. Kupima damu hospitalini ndiyo kazi yangu, lakini roketi ndiyo roho yangu. Na ili uruhusiwe kutumia injini kubwa unafanya mtihani: unarusha mbele ya mkaguzi, parachuti ifunguke, roketi irudi chini nzima. Mtihani wangu ulikuwa Jumapili ile, siku ya mwisho kabla mkulima hajapanda ngano. Ukiikosa, unangoja mpaka avune mwakani.

Ndani ya roketi mna kidude kinachopima kimo na kutoa amri parachuti ifunguke. Kila roketi mpya lazima ukipangie upya kimo chake. Changu ni cha kizamani, na kinaisikiliza kompyuta moja tu, ile yangu ya skrini nyeusi na maandishi ya kijani, yenye tundu pana la kebo ambalo laptopu za siku hizi hazina. Rangi yake ya maziwa ilishageuka chai. Nimejaribu vibadilishio vya kila namna, hola. Kwa nini nisinunue kidude kipya? Kwa sababu hiki hakijawahi kuniangusha, basi.

Nilichomruhusu wifi achukue ni mabegi ya nguo yaliyokuwa mlangoni. Mlangoni! Narudi kutoka kazini Ijumaa, nakuta meza tupu, imebaki alama ya vumbi tu. Nikampigia simu.

"Wifi, kompyuta yangu iko wapi?"

"Ile kuukuu? Nimewapelekea watoto wa madrasa. Wewe si una laptopu? Hasira za nini tena, na thawabu nimekuandikia wewe!"

"Umeniandikia? Kwani umekuwa malaika?"

Akacheka. Wallahi, akacheka.

Nikakimbilia Southall, kwenye yadi wanakopakia. Nikakuta kontena limeshapigwa lakiri. Msimamizi, Mpunjabi mzaliwa wa Kisumu, alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho. "Mama, hii imeshafungwa," akasema. "Mbele ya hiyo kompyuta kuna magodoro na friji za watu. Nani atatoa?" Nilisimama pale nikilitazama lile bati, natamani kulipiga teke.

Jumapili nilikwenda shambani hivyo hivyo, injini imeshaletwa, roketi nimeipaka rangi mpya. Mkaguzi akauliza kidude kimepangiwa kimo gani. Kilikuwa bado na mpango wa roketi yangu ndogo, inayofungua parachuti ikifika kileleni, yaani parachuti kubwa ingefunguka juu mno na upepo ungeibeba roketi mpaka barabarani, kwenye magari. Akatikisa kichwa. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, sikuwa na wa kugombana naye. Nikawatazama wenzangu wakirusha, kisha nikaingia garini nikalia kwa hasira. Sioni haya kusema.

Jioni nilimfuata wifi kwake Rayners Lane.

"Kama ni takataka, unawapelekeaje watoto wa watu? Na kama ni kitu cha maana, kwa nini umechukua changu?"

"Kule hawana kitu, wifi."

"Ndiyo wapewe kitu kisichowafaa? Haina kebo, haina programu ya watoto, watafanya nayo nini? Waitandikie kitambaa waweke maua?"

Akaninunia. Kaka yangu akawasha televisheni. Astaghfirullah, tuna tabia mbaya sisi tunaoishi huku! Kitu kikitushinda hata pa kukitupa, tunakiita msaada, tunapiga picha mbele ya kontena.

Ikapita muda mrefu, hatusemeshani ila salamu. Halafu siku moja wifi akaja kwangu, uso umemnawiri, simu mkononi, sauti ameifungulia. "Haya, zungumza na mwalimu wa madrasa mwenyewe, usikie anavyokushukuru."

Mwalimu alishukuru kweli, akatuombea dua ndefu. Tukaitikia amina. Nikamuuliza kuhusu kompyuta.

"Imefika salama, dada. Tuliiwasha, ikawaka, ikauliza kitu, hatukujua la kuijibu. Tukaizima. Tumeiweka pamoja na zile nyingine."

"Zile nyingine zipi?"

"Hizi mnazotuletea."

Wifi akanyoosha mkono apokee simu. Sikumpa.

"Ni nyingi, mwalimu?"

Akacheka kidogo, kwa adabu. "Alhamdulillahi, chumba kimejaa. Watoto wadogo tumewahamishia barazani, wanasomea hapo. Mvua ikinyesha tunawaruhusu waende kwao." Kisha, kama mtu anayeogopa kuwa amesema zaidi, akaniuliza, "Vipi baridi huko kwenu, dada?"