Shubiri Mbili Nyuma ya Kiti

Pikipiki ile ilikuwa pana kama kitanda, na mimi niliipenda kwa upana wake. Mume wangu aliinunua kwa mzungu wa bandarini aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, siku zile za mwisho kabla ya uhuru, walipokuwa wakiuza hata vyungu vya maua. Ilikuwa na madigadi makubwa, usukani uliopanda juu, na nyuma kiti cha pili kilichojaa vizuri. Kila Ijumaa baada ya sala niliketi upande juu ya kiti hicho, buibui nimelikusanya mapajani, tukatoka Changamwe kwenda Kisauni kwa mamangu. Siku nyingine zote nilikuwa ndani ya ua wa mavyaa, mamake mume wangu, ambaye hakuona sababu ya mke wa mtu kupanda basi peke yake. Sikuwa na njia nyingine ya kumwona mamangu.

Mume wangu naye alishikwa na ugonjwa wa siku zile. Kila mtu alikuwa na haraka. Vijana wa bandarini walimcheka kwamba anaendesha mzee wa baraza, na jioni moja alirudi na msumeno wa chuma, akachutama uani, akaanza kukata. Madigadi ya nyuma yakabaki nusu. Usukani akauvua, akafunga mwingine mfupi, ulioinama, hata ilibidi alale juu ya tangi ili aushike. Vyuma vya kukanyagia akavirudisha nyuma. Kifuniko cha mnyororo akakitupa, akasema ni uzito wa bure. Ekzosi akaitoa matumbo, na siku ya kwanza alipoiwasha kuku wa mavyaa walipanda juu ya paa.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nikikiangalia kiti changu, amekwisha kuking'oa, amekiegemeza ukutani juani.

"Na mimi nitaketi wapi?" nikamwuliza.

"Tutaona, inshallah."

Nimezaliwa pwani. Najua inshallah ya mtu aliyekusudia na inshallah ya mtu anayetaka umwache afanye kazi yake.

Ijumaa ikapita, na nyingine ikapita. Nilifagia ua uliokwisha fagiliwa. Nilikuwa na hasira hata chai nikiimimina naimwaga. Nilisikia magari yakiteremka kuelekea Makupa, na kila moja liliniuma.

Kisha akaniletea karatasi. Nilikuwa mshonaji, cherehani yangu niliingia nayo katika nyumba ile. Alikuwa amechora kiti kipya, kifupi, chembamba, kimeinuka nyuma ili kimzuie dereva asiteleze. Nimshonee ngozi ya bandia nyeusi, na karatasi nimpelekee seremala jirani akate ubao wake. Akaenda kazini.

Nikaitandaza mezani. Mtu akiniletea kitambaa humpima mwili; kipimo cha mdomo sikikubali. Basi nikajipima. Nikaunga karatasi nyingine nyuma, shubiri mbili, ule mwinuko nikaukata, nikampelekea seremala. Ngozi nikaishona mshono juu ya mshono ili isifumuke.

"Kiti kimerefuka," alisema mume wangu alipokipakata.

"Kimefuata mwili."

"Mwili wa nani?"

Akauchukua msumeno, akauweka juu ya ubao. Nilisimama pale pale. Kama angekata, sijui ningefanya nini, lakini ningefanya kitu. Akautua chini.

"Haya. Lakini upande hutaweza kuketi. Hii sasa hulala kwenye kona. Nitakumwaga."

"Basi nitaketi kiume."

Jikoni mchi ukanyamaza kinuni. Mavyaa akatokeza mlangoni. "Kiume? Mke wa mwanangu apite mbele za watu, mguu huku na mguu huku?"

"Ndiyo, mama."

Akanitazama sana, akarudi jikoni. Nikajua safari yangu imekwisha.

Ijumaa, nimekwisha kuvaa, mavyaa akaniita.

"Abee, mama."

Alikuwa ameshika suruali ya zamani ya marehemu mumewe, na pini kubwa. "Vaa hii ndani. Na ndoo hapa nikubane hilo buibui. Mnyororo ule u wazi, utakula nguo, ututie aibu mara mbili."

Tukatoka. Barazani wazee walikatiza mazungumzo, na mmoja akasema astaghfirullahi kwa sauti ya kunitosha. Sikugeuka. Mume wangu alilala juu ya tangi, na mimi nikalala juu ya mgongo wake, jambo ambalo kile kiti kipana hakikutupa hata siku moja. Upepo uliniingia mpaka kwenye meno. Makupa, mjini, daraja la Nyali likicheza chini yetu juu ya maji, kisha Kisauni. Akapunguza mwendo. Nyumba yetu ilikuwa ukingoni mwa barabara, na mamangu alikuwa mlangoni akiningoja.

"Usisimame," nikamwambia mume wangu sikioni. "Pita!"

Hata leo sijielewi vizuri. Siku zote zile nililia kwa ajili ya mama, na nilipomwona nikaitaka barabara. Tukapita Bamburi, tukapita Shanzu, mpaka Mtwapa, njia ilipokatika majini. Kivuko kilikuwa kikivutwa kwa kamba, wavutaji wakiimba. Tukakitazama kikienda ng'ambo, tukageuza.

Mume wangu alinishusha dukani, mbali kidogo na nyumba, akaenda kutafuta petroli. Mamangu nilimkuta bado mlangoni, uso umemkunjamana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, haya imekwisha duniani. Imepita pikipiki hapa ikinguruma, na mwanamke nyuma kaketi kiume. Wallahi sijaona. Mke wa nani yule?"

"Ni mimi, mama."

Akainama, akalifunua buibui langu kidogo, akaiona suruali. Nikajiweka tayari kwa matusi. Akanivuta ndani, akafunga mlango.

"Mulifika wapi?"

"Mtwapa, kwenye kivuko."

"Mukavuka?"

"La. Tukarudi."

Mamangu, ambaye hata daraja la Nyali hakulivuka ila kwa mazishi, aliketi mkekani, akanitazama kwa hasira.

"Na mbona hamukuvuka?"