Kiti cha Makori

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya chai ya saa kumi. Kazi yenyewe ilikuwa kutafsiri filamu, na nyinyi mnaotazama sinema kwenye simu mkiwa mmejilaza hamwezi kuijua, kwa hiyo tulieni niwaeleze. Wakati wetu mjini Kisii palikuwa na kumbi za video: mabenchi, televisheni moja juu ya kabati, deki ya kuchezea kanda, na jenereta nyuma ya nyumba kwa sababu stima ilikuwa na hasira zake. Filamu zilisema Kiingereza, tena cha puani. Basi mtu mmoja alikaa kando na kipaza sauti akawaeleza watu yanayosemwa. Kwa miaka yote ya nguvu zangu, mtu huyo nilikuwa mimi.

Bosi wangu wa kwanza aliitwa Meneja, na alipenda kuitwa hivyo hata na mkewe. Siku hiyo jamaa mmoja kwenye filamu alinyamaza kitambo, nami nikamtilia maneno. Nikasema anawaza ng'ombe wa mahari. Ukumbi ukaangua kicheko. Meneja akazima deki.

"Wewe kijana wa Nyamira, umeajiriwa kuwa bomba," akaniambia. "Maji yanaingia huku, yanatokea kule. Umewahi kuona bomba lenye maoni?"

"La, Meneja."

"Basi nenda nyumbani."

Asubuhi yake nilirudi kumpigia magoti, akanichukua. Kwake nilijifunza kazi: kuitazama kanda mara mbili kabla ya wateja, kupunguza sauti yake watu wanapoongea na kuipandisha bunduki zinapolia, na zaidi ya yote kujua mapema nani atakufa. Alikuwa mtu mgumu kama kisiki, lakini sikumsikia akimdanganya mteja hata siku moja.

Meneja alipofunga biashara nilirudi upande wetu, nikapata kazi Kebirigo. Huko bosi alijiita Mkurugenzi. Zamani alikuwa akipima majani chai kwenye kituo cha kununulia, na tumbo lake lilimtangulia kila mahali. Huyu alikuwa kinyume kabisa cha Meneja.

"Nani atamlilia mtu asiyeweza kumtaja?" aliniuliza. "Haya majina ya Wazungu hayaingii mdomoni. Wape majina ya kwetu, bwana!"

Nikawapa. Jambazi aliitwa Nyakundi, askari aliitwa Mogaka, bibi mrembo aliitwa Moraa hata kama nywele zake ni za rangi ya mahindi. Nilisema Kiswahili kwa ajili ya walimu na wageni wa sokoni, na pale utamu ulipokolea nikahamia Ekegusii, lugha ya kwetu. Lakini tulikuwa na mwiko mmoja. Atakayekufa hapewi jina. Kwetu hutamki kifo juu ya mtu aliye hai, ni kama kumwitia, na kila jina nililotaja lilikuwa na mwenyewe hapo sokoni. Wateja waliushtukia mwiko huo upesi. Mtu akipita kwenye kioo bila jina, ungewasikia nyuma huko: "Huyo hana jina, huyo tayari ni maiti!"

Ndipo Mkurugenzi akaleta ile filamu ya marubani wa kivita. Ilikuwa ya zamani, ya vita vya Wazungu, na ndege zenyewe zilikuwa zile za kukaa mtu mmoja, zenye panga la kuzunguka puani. Vita vya angani si mchezo. Kila mmoja anatafuta kumshika mwenzake kwa nyuma, kwenye mkia, kwa maana bunduki zake zinatazama mbele tu. Ukishikwa mkia, umekwisha. Jioni marubani wanarudi kula, na kila jioni kuna kiti kimoja kitupu. Niliitazama mara mbili kama nilivyofunzwa, na nikawaza: hapa majina yatakuwa machache.

Mlangoni kwetu alikaa mama mmoja aliyeuza chai na mandazi, Kwamboka wa Gesima. Alikuwa Msabato, na ukumbini hakuingia asilani, maana wazee wa kanisa walisema sinema ni ya shetani. Lakini pazia lilikuwa fupi, na stuli yake ilikuwa inatazama ndani. Kifungua mimba wake, Makori, alikuwa fundi wa ndege za mizigo. Kampuni yake ilipeleka chakula nchi zenye vita, na yeye alisafiri ndani ya ndege hizo ili zikiharibika huko azitengeneze. Mama yake hakutaka kujua mambo ya fundi. Kwake Makori alikuwa rubani, nawe ungebisha ungekosa chai.

Filamu ilipoanza, Kwamboka akapaza sauti kutoka mlangoni.

"Wewe mtafsiri! Yule mrefu, anayetembea kama mwenye shamba, ni Makori wangu. Mwite jina!"

Mrefu ndiye aliyepigwa karibu na mwisho, akaanguka baharini na ndege yake.

"Mama Makori, huyo tumwache," nikasema. "Chukua yule mfupi, ana kicheko kizuri."

"Mfupi? Mimi nilizaa mfupi?"

Ukumbi ukalipuka. "Makori! Makori!" Walishangilia mpaka mabati yakatetemeka, na jina likamshika yule mtu kama kupe. Ungefanya nini wewe?

Alipopigwa, moshi ukitoka mkiani, nilishusha sauti ya kanda nikasema, "Makori ameruka! Mwavuli umefunguka! Wavuvi wa upande ule wamemwokota, wanampa uji." Wateja walipiga makofi, ingawa wenye macho waliona ndege ikizama bila mwavuli wowote. Ikaja jioni ya kula. Mkuu wa marubani akasimama mbele ya kiti kitupu, akasema maneno machache. Nami nikayasema yangu: "Kiti hiki ni cha Makori. Asikikalie mtu mpaka arudi."

Filamu ile ilipendwa, tukaionyesha Jumapili nyingi baada ya soko, na kila mara Makori aliokotwa na wavuvi. Kwamboka naye akatenga kiti kimoja nyumbani kwake, cha mbao, chenye mkono mmoja uliolegea. Mgeni akikisogelea aliambiwa, "Hicho ni cha rubani." Watu walimtania, naye akapenda.

Makori mwenyewe alikuja likizo akajitazama filamuni. Alicheka mpaka akajipangusa machozi. Tulipotoka alinishika bega.

"Mzee wa kipaza sauti, mwavuli haufunguki karibu na maji hivyo."

"Hiyo ni sinema, ndugu yangu."

"Najua. Sisi wa mizigo hata hiyo miavuli hatuna." Akamtazama mama yake aliyekuwa akisuuza vikombe. "Lakini usimwambie."

Baada ya miezi, ndege yao iliondoka na magunia ya unga na haikufika. Ilikuwa ipite juu ya bahari. Watu wa kampuni walikuja Gesima wamevaa suti, wakasema wanatafuta. Wakaja tena, wakasema wameacha kutafuta.

Ndugu walikusanyika, mchungaji akaja, vijana wakaleta hema. Kwamboka akawafukuza wote.

"Mnamlilia nani? Ameruka. Wavuvi wamemwokota."

Maneno yalikuwa yangu, neno kwa neno. Hakuna aliyethubutu kulia katika boma lile. Binti zake walikwenda kulia kwenye shamba la chai, kati ya mistari, wakirudi wamenawa uso. Yeye kila jioni alipakua sahani ya Makori, akaiweka kwenye kiti, asubuhi akaimwaga. Alikonda mbele ya macho yetu.

Mumewe, mzee Ombati, akanijia. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mama huyu anakufa nikimtazama," akasema. "Wewe ndiye uliyemtia hayo maneno. Wewe uyatoe."

Nilimweleza Mkurugenzi. Akatikisa kichwa. "Umwue Makori ukumbini kwangu? Wacha mama wa watu na tumaini lake, hilo halili ugali wa mtu."

Kumbe lilikuwa linamla Kwamboka mwenyewe. Usiku na mchana nilimkumbuka Meneja na bomba lake.

Jumapili moja Kwamboka alikuja bila birika. Aliinua pazia akaingia ndani, kwa mara ya kwanza, akakaa benchi la mbele.

"Weka ile ya ndege," akasema.

Niliiweka. Mvua ya Kebirigo ilikuwa inapiga mabati, bunduki zikisikika kwa mbali. Rubani mrefu alipotokea sikumwita kwa jina. Nilimwita "yule mrefu." Kwamboka aligeuka akanitazama, na hakutazama kioo tena. Moshi ulipotoka mkiani sikutaja mwavuli wala wavuvi. Ikaja jioni ya kula, mkuu wa marubani akasimama mbele ya kiti.

"Anasema nini huyo?" akauliza Kwamboka.

Nilijifanya napunguza sauti ya kanda.

"Nimekuuliza. Si wewe ndiye unayejua Kiingereza? Anasema nini?"

"Anasema, 'Ondoeni hiki kiti.'"

"Leo ndio amesema hivyo?"

"Tangu mwanzo, Mama."

"Na yule kijana? Aliruka?"

"Hakuruka. Alianguka nayo."

Nilidhani atanitukana. Laiti angenitukana! Alijifunga leso kiunoni, akasema, "Twende Gesima." Nilitembea nyuma yake kwenye matope, na nusu ya ukumbi nyuma yangu.

Mzee Ombati alikuwa uani. Kwamboka alimpita, akasimama mlangoni pa nyumba yake, akaelekeza kidole ndani.

"Kitoeni nje," akasema. "Watu wakija kulia watakaa wapi?"

Nilikibeba mimi. Nilipokiweka uani alipiga ukemi mmoja ambao sijausikia tena popote, si kwenye filamu wala kwenye dunia, na binti zake wakatoka mbio wakilia kwa sauti yao kamili. Jioni hiyo hema lilisimama.

Kumbi zilikufa polepole baada ya hapo, nami nikastaafu bila sherehe. Siku hizi wajukuu wananiuliza kati ya Meneja na Mkurugenzi nani alikuwa sahihi. Nawajibu waniache. Nimetafsiri filamu nyingi kuliko nywele nilizobaki nazo, na mpaka leo sijui kama mtu anapaswa kuambiwa kila kilichosemwa. Najua tu kwamba mtu akikuuliza mwenyewe, akikutazama machoni, mwambie.

Kwamboka bado yupo, mzee sana sasa, haoni vizuri. Kile kiti hakikurudi ndani. Kiko barazani kwake, ule mkono uliolegea umepigiliwa msumari. Nikipita Gesima hunitambua kwa sauti.

"Mtafsiri," huniambia, "kaa."

Nami hukaa.