Kebo Niliyochagua Mimi

Risasi ya kulehemu ikiyeyuka hutoa harufu ya utomvu ulioungua, kali kidogo, inayokwama nyuma ya pua hata ukishakula na kwenda kulala. Nyumba yetu ya Kitengela ilinuka hivyo kila Alhamisi. Mama alikuwa anakodisha spika na maiki kwa harusi, mazishi na harambee, kuanzia kwetu hadi Kajiado, na Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kutengeneza nyaya zilizokatika wikendi iliyopita. Alizimwaga zote juu ya meza ya kulia, akafunga dirisha kwa sababu ya vumbi la malori ya simiti, akaanza kulehemu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na kazi yangu ilikuwa kupanga adapta katika mkebe wa biskuti. Usidhani ni kazi ndogo. Kuna jeki ndogo ya kuingia kwenye simu, kuna jeki kubwa ya gitaa, kuna zile pini nyekundu na nyeupe za nyuma ya televisheni, na kuna kebo ya maiki yenye meno matatu. Nilizitambua zote kwa kidole nikiwa nimefumba macho, na wageni wakija nilifumba macho makusudi ili waone. Nilikuwa mtoto wa kujiona, sikatai.

Likizo ya Agosti ya mwaka huo, Naserian alikuja kukodi vyombo. Alikuwa Mmaasai, mwalimu wa chekechea kutoka upande wa Isinya, na alikuwa anaolewa na Njoroge, fundi wa mabomba, Mkikuyu kama sisi. Watu wa kwao hawakumfurahia Njoroge hata kidogo. Baba yake Naserian alikataa mwaka mzima, kisha akaugua, na katika ugonjwa huo moyo wake ukageuka. Siku chache kabla ya kufa alimwita binti yake peke yake, akamwambia ashike simu arekodi, akatamka baraka za ndoa. Alizitamka vile zinavyotamkwa mbele ya watu wa Kimaasai: mzee anasema neno moja, ananyamaza kidogo, umati unaitika "Naai," yaani ee Mungu, naye anaendelea. Tatizo ni kwamba hakuna mtu mwingine aliyesikia. Kaka wa marehemu, Mzee Parsaloi, alikuwa ametangaza kwamba bila baraka ya baba hakuna harusi, na kwamba hayo mambo ya simu atayaamini akiyasikia kwa masikio yake. Halafu simu yenyewe, ambayo ilikuwa ya marehemu, ilitumbukia kwenye birika la kunyweshea mbuzi. Spika yake ikafa, ikabaki inatoa sauti kupitia lile tundu la vipokea sauti vya masikioni tu. Naserian aliogopa hata kuihamisha ile sauti kwenye simu nyingine, isije ikapotea.

"Mama Wairimu," alimwambia mama, "niko na hiyo siku moja tu. Isiposikika, baba mkubwa atarudisha watu nyumbani."

Mama akanionyesha kwa kidevu. "Muulize huyo. Huyo ndiye waziri wa kebo hapa." Mimi nikajibu kwamba itasikika mpaka Namanga. Naserian alicheka, lakini macho yake hayakucheka, na hilo nililiona hata kwa umri ule.

Sasa, kebo ya kazi hiyo tulikuwa nayo. Ilikuwa na jeki moja ndogo upande mmoja na miguu miwili yenye jeki kubwa upande wa pili. Lakini ilikuwa kuukuu, imefungwa utepe mweusi kila mahali, na mimi niliionea haya. Kwa harusi ya watu mia tatu? Nikamsumbua mama mpaka akanipa pesa nikanunue mpya kwa Abdi, mwenye duka karibu na soko, ambaye aliuza chaja, tochi, redio na vitu vyote vyenye waya. Pale nikaiona. Kijivu, nene, laini, yenye jeki ndogo ya rangi ya dhahabu upande mmoja na meno matatu ya maiki upande wa pili. Abdi akaniuliza ni ya kazi gani. Nikamwambia ni ya kuunganisha simu na mikisa, lile sanduku la vitufe linalopokea sauti zote na kuzipeleka kwenye spika. "Ya simu, chukua ile ya miguu miwili," akasema. Nikamuuliza kama hii ya kijivu inaingia. "Kuingia inaingia, lakini..." Sikumngoja amalize. "Basi nipe hii," nikasema. Ile kuukuu nikaitupa nyuma ya kochi, nikaenda zangu kucheza.

Siku ya harusi tulifika mapema, spika zikiwa zimefungwa kwa kamba nyuma ya pikapu. Upepo wa huko Isinya hauna adabu, ulikuwa unainua mahema na sketi za watu bila kuchagua. Nilisalimu wazee mmoja mmoja, nikiinamisha kichwa ili kila mmoja aniwekee kiganja utosini, kama watoto wa huko wanavyosalimu. Mzee Parsaloi naye alinigusa kichwa, akasema "Supa," nikajibu "Ipa," na sikuona ubaya wowote kwake. Halafu tukapanga vyombo. Nilichomeka kebo yangu ya kijivu, nikaijaribu na wimbo kutoka simu ya mama. Gitaa likalia, ngoma zikalia, kila kitu safi. Mama akainua kichwa. "Mbona huyu msanii haimbi?" Nikamjibu bila kupepesa macho kwamba hiyo ni ile ya muziki mtupu. Sikuwa na hakika yoyote. Lakini nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, mama naye alikuwa anapigana na jenereta, akaniamini.

Saa saba mchana wakaitwa maharusi. Naserian alisimama na shanga zake shingoni, Njoroge kando yake akitokwa na jasho ndani ya suti, na watu wote wakanyamaza kusikiliza baraka. Naserian mwenyewe alinipa ile simu kwa mikono miwili. Nikachomeka, nikabonyeza. Kimya. Nikapandisha sauti. Kikasikika kimvumo kidogo tu, na jenereta kule nyuma ya zizi. Nikapandisha mpaka mwisho. Kwenye kioo cha simu dakika zilikuwa zinahesabika, maana yake mzee alikuwa anazungumza humo ndani, lakini nje hakuna kitu. Watu wakaanza kutazamana. Mwanamke mmoja akasema "Woi" kwa sauti ya chini. Ndipo Mzee Parsaloi akasimama, akaegemea fimbo yake, akasema kwa Kiswahili ili watu wa Njoroge pia waelewe: "Nyimbo imesikika hapa asubuhi. Maiki inasikika. Ni ndugu yangu tu hasikiki. Yeye mwenyewe amekataa."

Naserian hakulia. Afadhali angelia. Alisimama tu akitazama ile simu mkononi mwangu. Nilikuwa na vya masikioni mfukoni. Nikachomoa kebo, nikavichomeka, nikaweka sikioni, na mzee alikuwa pale, anakohoa, anatamka neno, ananyamaza, anatamka lingine. Nikasikiliza kwa sikio la kushoto, kisha la kulia. Sauti ni ileile pande zote mbili. Hapo ndipo nilipojua. Mama alishanieleza Alhamisi moja kwamba simu hutoa sauti mbili, ya kushoto na ya kulia, na tundu la maiki lile la meno matatu halitaki sauti mbili. Linataka moja, iliyopita katika nyaya mbili, mmoja ukiwa umegeuzwa. Likikuta kitu kimelingana pande zote mbili, linakihesabu kuwa kelele iliyookotwa njiani, linakifuta. Ndiyo sababu gitaa, lililorekodiwa upande mmoja tu, lililia asubuhi, na mwimbaji, aliyewekwa sawa pande zote, akapotea. Na mzee yule, mtu mmoja mbele ya simu moja, alikuwa amelingana kabisa pande zote. Kebo yangu nzuri ilikuwa inamfuta.

Nikamwambia Mzee Parsaloi kwamba sauti ipo, asikilize hapa. Akakisukuma kile cha masikioni kando. "Baraka si ya sikio la mtu mmoja, mtoto wangu. Baraka inaitikiwa." Na alikuwa sahihi, ndilo jambo lililoniuma. Basi nikachukua maiki. Sijui nilitoa wapi ujasiri, pengine ni kule kujiona kwangu kwa kila siku, sasa kukanifaa. Nikasema mbele ya watu wote: "Baba yake hajakataa. Ni mimi. Nilinunua kebo isiyofaa kwa sababu ni nzuri, na muuzaji alinikataza. Naomba mnipe dakika kumi." Kukawa na mnong'ono, kisha mtu akacheka, kisha wengi wakacheka. Mama alinitazama, akasema yale maneno ambayo kila mtoto wa Kenya anayajua: "Tutaongea nyumbani." Lakini tayari alikuwa anafungua sanduku la vifaa na kuchomeka chuma cha kulehemu kwenye jenereta.

Nikaifungua kebo yangu mwenyewe kwa bisibisi, upande wa meno matatu. Iliniuma, sitadanganya. Nikakata waya wa upande wa kulia, ukabaki wa kushoto peke yake. Lile jino lililobaki bila kazi mama akaliunganisha na jino la ardhi, lile lisilobeba sauti, kwa kipande cha waya, nikimshikia kwa koleo huku upepo ukipeperusha moshi wa risasi machoni mwetu. Mikono yake ilikuwa imetulia. Mimi nilikuwa nikigeuka kila mara kutazama watu waliokuwa wakingoja, akanipiga kikumbo kidogo na bega nitulie. Tukafunga, nikachomeka, nikabonyeza, na sikuthubutu kumtazama Naserian.

Kikohozi kilitoka kwanza. Kikubwa, kwenye spika zote nne, mpaka mbuzi wakainua vichwa. Halafu sauti ya mzee, iliyochoka lakini inayoeleweka, akamtaja binti yake kwa jina, akamtaja na Njoroge. Nilisikia wanawake wakivuta pumzi. Mzee akatamka neno la kwanza, Mungu awape watoto, akanyamaza. Sekunde moja ikapita, hakuna aliyejua la kufanya mbele ya spika. Mzee Parsaloi akaweka fimbo yake chini, akainamisha kichwa, akaitika "Naai." Lililofuata waliitika wote. Mimi pia niliitika, na mama, Mkikuyu wa kanisa la asubuhi mpaka jioni, aliitika kwa sauti kuliko mimi. Nililia bila haya yoyote.

Nyumbani tuliongea, ndiyo, na sitasimulia. Siku hizi kazi ni yangu, nina duka langu hapa Kitengela na vijana wananiletea simu zisizo na tundu lolote. Mambo yamekuwa mepesi. Unagusa kioo, spika inaitikia, hakuna anayejua waya gani unaingia wapi, na wakikwama wanasema vyombo vimeharibika. Mimi bado namuuliza kila mteja kinachotoka ni nini, na kule kinakoingia kunataka nini, na akianza kujibu namwacha amalize. Sijawahi tena kuharibu shughuli ya mtu. Naweza kujisifu kwa hilo, na najisifu.

Mwaka jana Naserian alikuja dukani na ile simu ya baba yake imefungwa kwa leso, betri imevimba, na binti yake wa miaka saba nyuma yake. Alitaka sauti ihamishwe kabla simu haijafa. Nikaihamisha kwenye kompyuta. Ilipomaliza, programu ikanionyesha kwa rangi nyekundu sehemu zote za sauti ile ambazo hazina kitu, ikaniuliza kama izifute ili kupunguza urefu. Naserian alikuwa ameinama begani kwangu, anasoma. Yule mtoto, ambaye hakumwona babu yake hata siku moja, akauliza mbona babu anasema halafu ananyamaza, kwani amesahau? "Hajasahau," mama yake akamwambia. "Anakungoja wewe." Nikabonyeza hapana, nikairudisha mwanzo, nikafungua spika za duka, na sisi watatu tukaitika mpaka mwisho.