Kikombe Nilichokiita Kofia

Mpaka leo nikisikia kikombe cha bati kikigonga ukingo wa ndoo, ngo!, nacheka peke yangu, na wanangu huulizana mama yao kapatwa na nini. Ninyi nitawaambia, ila msinicheke sana.

Kwetu ni juu mlimani Newala, si mbali na Kitangari. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imeanza kumwagwa gulioni. Mama alininunulia gauni kubwa la mitumba, akalifumua, akalishona upya likawa sare. Lilinuka dawa ya marobota, nami nikaliona zuri kuliko nguo za bibi harusi. Nilikuwa naingia darasa la kwanza, ati!

Lakini kwanza ilibidi nipimwe. Na nyumbani neno lilikuwa limeshapita: nikishindwa, nakwenda Nanganga kwa shangazi kumlelea mtoto. Baba alilisema kwa upole, huku anakula, kwa hiyo nikajua hatanii. Wasichana waliokwenda kulea niliwafahamu. Shule hawakuiona tena.

Sasa mjue kwamba nilikuwa nashinda na Babu, mzaa mama. Kwetu babu na mjukuu ni watani. Aliniita mke wangu, akanilalamikia ugali mbichi ambao hata sikuupika mimi. Tena tulikuwa na mchezo wetu. Anainua kitu chochote, anakunja uso, anauliza, "Hiki nini?" Ukisema kweli, umeshindwa. Jembe nililiita mswaki wake, chungu yeye akakiita mkwe wangu, na anayecheka kwanza ndiye anamtekea mwenzake maji ya kunawa. Mchezo ule niliuweza hasa.

Siku ya kupimwa tulipanga mstari, mama zetu nyuma yetu, mbele ya Mwalimu Mkuu, mzee mrefu wa miwani, mtu wa haraka haraka. Nikapiga magoti, shikamoo, marahaba. Nikapitisha mkono juu ya kichwa nikagusa sikio la pili. Vizuri. Akainua kikombe cha bati, akakunja uso.

"Hiki nini?"

Moyo uliniruka kwa furaha. Kumbe na huyu anaujua! Mtu mzima kashika kikombe mkononi mwake, ataulizaje kama hatanii?

"Kofia yako," nikasema, uso mkavu.

Akaniangalia. Akaonyesha picha ya kuku. "Na huyu?"

"Mkeo."

Uwii! Watoto wakaangua kicheko, Mama akashika mdomo. Mwalimu Mkuu hata hakutabasamu, nikajua leo nimekutana na fundi. "Huyu akili bado," akasema. "Arudi chekechea. Anayefuata!"

Nilipomwona Mama anafuta machozi kwa ncha ya kanga ndipo nilipoelewa. Nanganga! Nikalia mpaka kifua cha sare kikalowa.

Aliyesimama ni Mwalimu Rehema, mwalimu wetu wa chekechea, msichana mpole ambaye hajawahi kumpinga mkubwa wake. Akasema, "Samahani, Mwalimu. Mtoto hapimwi kwa kikombe na kuku tu. Huyu nimekaa naye. Tuwaache wacheze, wagombane, wanawe mikono, sisi tuwatazame. Ukishamwona, uamuzi ni wako."

Mwalimu Mkuu akautazama mstari, akaguna. "Haya. Mpaka uji wa watoto uive."

Mimi hata sikujua natazamwa. Niliacha kulia kwa sababu watoto walikuwa wanaharibu maji, na maji kwetu mama zetu huyafuata bondeni na kuyapandisha mlima kichwani. Ndoo ya kunawa ilikuwa moja, na kila mtu anatumbukiza mikono yake michafu. Nilikasirika! Nikawaondoa, nikawapanga wadogo mbele. Nikawa nachota kidogo, namwagia wawili wawili, wa chini akinawa kwa yanayodondoka mikononi mwa wa juu, kama tunavyofanya nyumbani. Wavulana wawili wakaanza ngumi za kugombea nafasi. Nikampa mmoja kikombe amwage, mwingine beseni akinge chini, ugomvi ukawaishia hapo hapo. Kitoto kimoja kilikuwa kinamlilia mama yake, nikakiimbia huku naendelea na kazi. Wote wakanawa na maji yakabaki.

Nilipoinua macho, Mwalimu Mkuu alikuwa kando yangu. Akachuchumaa, mzee yule, tukawa sawa. "Mbona uliniambia kikombe ni kofia?"

"Kwani hukuwa unanitania, Mwalimu? Babu akiuliza hivyo anatania. Kikombe si unakiona?"

Alicheka mpaka akakohoa. Nami nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba ameshindwa, akateke maji.

"Mwandike darasa la kwanza," akamwambia Mwalimu Rehema. Kisha akaniacha, akawatazama watoto waliokuwa wanaondoka na mama zao, vichwa chini. "Na wale niliowarudisha waite. Nao tuwatazame."

Vigelegele vya Mama vilifika barabarani. Alinibeba mgongoni, mtoto mkubwa mzima, akakimbia nami kuzunguka uwanja, kandambili moja ikamtoka na hakurudi kuiokota. Nilipunga mikono kama mgeni rasmi.

Niliamini ushindi ule ni wangu peke yangu, nikatamba nao kijiji kizima. Nilikuwa na watoto wangu tayari nilipomwuliza Mama kwa nini alilia vile. Akaniambia yeye mwenyewe alipelekwa kulea akiwa wa umri wangu ule. Kikombe alikijua, kuku alimjua, lakini alimwogopa mwalimu akashindwa kufungua mdomo, na hapakuwa na mtu wa kusema huyu mtazameni kwanza.

"Siku ile, mwanangu," akasema, "darasa la kwanza tuliingia wote wawili."