Futari Isiyoonjwa

Juzi nilipita Keko kutafuta kitanda cha mwanangu. Harufu ya mbao na vanishi ikanipiga puani, nikasimama palepale. Mwenzangu, fundi ananiita, mie simsikii! Nimesharudi uani kwa bibi, hapohapo Keko nyuma ya mafundi, mwezi wa Ramadhani, namchungulia jirani kwenye tundu la ua wa mabati.

Jirani alikuwa mwalimu, Mkristo wa kutoka bara, kapanga peke yake. Mama yake alipofariki huko kwao hakuwahi mazishi, basi bibi na wenzake wa msikitini wakamtandikia mikeka wakakaa naye matanga. Ramadhani ilipoingia, akaomba siku moja atupikie futari. Bibi akakubali. Weee, majirani wengine wakaanza maneno! Jamani, hayo masufuria si yamepikiwa kitimoto, nyama ya nguruwe? Bibi akawajibu, "Msiba wake tulikaa, chakula chake tukione kinyaa?" Akawaalika na wao.

Mie umbea nilizaliwa nao. Siku nzima jicho langu halikubanduka pale tunduni. Nikaona sufuria jipya, karatasi ya dukani bado imeng'ang'ania ubavuni. Nikamwona anamenya magimbi, anakuna nazi kakaa upande kwenye mbuzi, nusura aanguke. Nilicheka peke yangu. Ila jambo moja lilinikereketa: hakuonja. Bibi na funga yake huonja kwa ncha ya ulimi akatema. Huyu asiyefunga anaogopa nini?

Adhana ikalia. Tukafungua kwa tende, sinia likaja. Wale majirani wanalitazama tu, wanamngoja bibi. Bibi akamega gimbi, nami nikamega. Lo, chumvi! Nikakunja uso, bibi akanifinya paja. Mwalimu alikuwa kasimama mlangoni, kakamata pindo la kitenge, hapumui. Bibi akatafuna, akanywa maji, akachukua gimbi lingine.

"Niongeze na mchuzi, mwanangu," akasema.

Majirani wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakanawa mikono.

Mie nikashindwa kuvumilia. "Mwalimu, mbona hukuonja?"

Bibi akanitolea macho. Mwalimu akainama. "Ningeonjaje, na mie nimefunga? Niliona haya kuwapikia wenye njaa, mwenyewe nimeshiba."

"Toba!" Bibi akashika kifua. "Na umetusimamia hapo, hujafungua?"

Akamvuta mkono, akamkalisha mkekani, akamtia tende kinywani kama mtoto. Mwalimu alilia, na bibi naye akalia. Yule aliyesema zaidi habari za masufuria ndiye aliyemmiminia maji.

Sasa ua wa mabati umekuwa ukuta wa tofali, juu umepachikwa vipande vya chupa. Juzi hiyo nilizunguka nikitafuta pa kuchungulia, sikupaona. Bibi alishatangulia. Mwalimu alistaafu akarudi kwao, na siku ya kuondoka aliniachia lile sufuria; kumbe miaka yote hakulipikia kingine ila futari yetu.

Kila Ramadhani siku moja nalitoa, napika magimbi, sionji. Chumvi ikizidi wanangu wanakunja uso. Nawasogezea maji, nami naomba niongezewe.