Karatasi Kutoka Ng'ambo ya Mto

Mahali ninapofanya kazi, katika nyumba ya kutunzia wazee huko Auburn, mjini Sydney, kuna mashine ya kutolea nakala ndani ya chumba kidogo kisicho na dirisha. Karatasi hutoka na joto kama la mkate, na harufu ya wino na vumbi lililoungua. Wenzangu huzichukua wakaenda zao. Mimi husimama kidogo. Nikizishika zikiwa bado na moto, nakuwa na miaka kumi na mitatu, nimeketi darasani Quakers Hill, treni inapita nyuma ya uzio, na mwalimu wa historia anatugawia ramani yenye mto katikati.

Niwaambie kwanza nilikuwa mtoto wa namna gani. Nilikuwa mtoto wa kushuku. Tulifika Sydney nikiwa na miaka kumi, tukitoka Kongo ya mashariki kwa kupitia kambi ya wakimbizi Burundi, na nyumbani kwetu kushuku kulikuwa sehemu ya adabu, kama kunawa mikono kabla ya kula. Baba, ambaye alikuwa anapakia masanduku katika ghala, hakutia saini kitu chochote kabla ya kuuliza, "Nani aliandika hii?" Fomu ya safari ya shule ya kwenda kutazama wanyama ilikaa mezani kwetu siku nne. Alitaka nimtafsirie hata maandishi madogo ya upande wa nyuma, nami nikawa namweleza kwa nini shule inataka kujua kama karanga zinanidhuru. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza wamejuaje kwamba sisi tunakula karanga.

Msimcheke sana. Kabla sijazaliwa, wajumbe kutoka ng'ambo ya mto walifika kijijini kwetu na vitambaa, chumvi na pombe. Watu wa ng'ambo ya mto walikuwa wamegombana na wetu muda mrefu juu ya mashamba, vijana walikuwa wameanza kuuana, na wajumbe walisema wameleta amani. Wazee walichovya vidole gumba kwenye wino, babu yangu akiwa mmoja wao. Hakuna aliyewasomea kwamba karatasi ile iliufanya mto kuwa mpaka. Mihogo yetu ilikuwa upande wa pili. Msimu uliofuata, watu waliovuka kwenda kuvuna mihogo waliyoipanda wenyewe waliitwa wezi, na mmoja wa waliouawa alikuwa kaka yake Baba.

Sasa, ramani ile ya darasani. Mwalimu wetu, Miss Harrigan, mwanamke mrefu aliyekuwa na mafua mwaka mzima, alitueleza habari za Wakriki, wenyeji wa kusini mwa Marekani ya leo. Nchi ya Amerika ilikuwa changa, rais wao wa kwanza ndiyo kwanza ameshika kiti. Walowezi walikuwa wanaingia katika ardhi ya Wakriki, wakichoma na kuchomewa, wakiua na kuuawa. Walowezi walishika mikataba iliyotiwa saini na machifu wachache. Wakriki wengi walisema machifu wale hawakuwa na ruhusa ya kutoa nchi ya watu wote. Basi serikali ikawatuma makamishna watatu hadi ukingo wa mto, wakapatane. Sisi tungeigiza mkutano ule siku ya Ijumaa. Nusu ya darasa wangekuwa Waamerika, nusu Wakriki, na mimi ndiye kiongozi wa Wakriki.

Nilishuku mara moja kwamba nimechaguliwa kwa rangi yangu. Hadi leo sijui. Miss Harrigan alinipa bahasha, akaniambia nisimwonyeshe mtu. Ndani mlikuwa na karatasi iliyonieleza mimi ni nani: mtoto wa mama Mkriki na baba kutoka ng'ambo ya bahari, niliyesomeshwa, ninayeweza kusoma mkataba mwenyewe bila kusomewa.

Jioni hiyo nilimsomea Baba nikigeuza kwa Kiswahili, yeye akila. Kwa kawaida habari za shule yangu zilimpita kama matangazo ya redio. Safari hii aliacha kula.

"Hao wageni walikuja na zawadi?" aliuliza.

Nikasema ndiyo, na walipokewa vizuri, wakashikana mikono na kunywa pamoja kinywaji cha heshima cha Wakriki.

"Na karatasi, waliandikia pale pale, wote wakiwa wamekaa? Ao walikuja nayo?"

Niliangalia. Walikuja nayo.

Baba alisukuma sahani. Aliniambia niende na swali hilo Ijumaa, ndilo dawa yao: niwaulize nani aliandika, na lini. Kwa siku tatu alinifundisha. Alijifanya kamishna, akaketi kwenye kochi na kofia ya kazini kichwani, akinipa tabasamu la uongo, nami nikimkatalia, hadi Mama akalalamika kwamba hasikii televisheni.

Ijumaa ilifika. Kamishna mkuu alikuwa msichana mmoja aliyevaa koti la baba yake, na alisoma mkataba wake kwa sauti nzuri. Alipofika kwenye mpaka nilimkatiza, nikamuuliza nani aliandika, na lini. Akamtazama mwalimu. Nikasema kama uliandikwa kabla hatujakutana, basi hatukuitwa kupatana, tumeitwa kusikiliza. Nikasimama, nikawaambia Wakriki wangu wabebe mabegi, tukatoka wote hadi kwenye korido. Darasa lililipuka kwa kelele za shangwe. Miss Harrigan alitufuata huku anapenga kamasi, uso umemng'aa, akasema hivyo hasa ndivyo ilivyokuwa: yule kiongozi aliaga kwa heshima kwamba anahamisha kambi kutafuta malisho ya farasi, akaondoka na watu wake bila kusaini.

Katika shule ile hakuna mtu aliyewahi kunisifu mbele ya wengine. Nilifika nyumbani nikiwa mrefu zaidi. Baba aliposikia habari ya malisho ya farasi alicheka hadi akashika mbavu, na jioni yote, kila alipotaka kutoka chumbani, alisema anakwenda kutafuta malisho.

Kesho yake, Jumamosi mchana, alikuja Papa Safari.

Papa Safari alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto. Fikirieni jambo hilo: dunia yote hii, na familia mbili zilizokimbiana zinakuja kuangukia katika kanisa moja, upande mmoja wa Sydney. Kwa miaka miwili yeye alikaa viti vya kushoto, sisi vya kulia, na Baba hakuwahi kumsalimia. Nilifundishwa kutochukua peremende kutoka kwa mke wake. Mchungaji ndiye aliyemwomba Baba ampokee nyumbani, mara moja tu, amsikilize.

Alikuja peke yake, na shati lililopigwa pasi hadi likawa na makali, amebeba mfuko wa unga wa muhogo na ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwa la kwetu. Mama alipokea mfuko akauweka sakafuni karibu na mlango, kama kitu ambacho bado hakijaingia. Nilimtazama Baba, na Baba alinitazama. Zawadi. Tulikuwa tunajua kinachofuata.

Kikafuata kweli. Papa Safari alitoa karatasi. Alisema kaka zake nyumbani wamekaa na wazee, wamechoka na damu, wameandika mapatano kuhusu shamba letu. Wanahitaji saini ya Baba ili mashahidi wakapime. Ilikuwa ya Kifaransa, yenye mhuri. Baba hakujua Kifaransa. Mimi nilikuwa nimekisoma miaka minne katika shule ya kambini, na ndiye niliyekuwa msomaji wa nyumba.

Nilisoma kimya kwanza. Majina ya familia zote mbili yalikuwepo. Halafu ikaja sentensi ndefu, na katikati yake neno *renoncer*, ambalo nililijua vizuri kutoka katekisimu, ndilo tulilolitumia kumkataa Shetani: kuacha, kuachilia mbali. Familia fulani inaachilia mashamba yote ya ng'ambo ya mto. Familia gani? Waliiita *ladite famille*. Neno lile *ladite* sikuwahi kuliona.

Sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Sikusema silijui. Wanaume wawili wananingoja, jana darasa zima limenipigia kelele, na mbele yangu ameketi mtu wa ng'ambo, mwenye tabasamu, zawadi, na karatasi aliyokuja nayo imeandikwa tayari. Nilijua inasema nini kabla ya kuisoma. Nikamwambia Baba, "Inasema sisi tunaachilia mashamba yote ya ng'ambo."

Papa Safari alinigeukia polepole. Hakukasirika. "Binti yangu," alisema, "soma tena, pole pole."

Nikasoma tena. Nikasema vile vile, kwa sauti kubwa zaidi.

Aliniangalia muda mrefu, kisha akamwangalia Baba, akafungua mdomo, akaufunga. Baba alikuwa amekwisha kusimama. Alisema kwa adabu, na ni mimi peke yangu niliyeelewa, kwamba farasi wetu hawana malisho hapa. Papa Safari akaiweka karatasi juu ya meza, akamuaga Mama, akaondoka. Baba aliniwekea mkono begani. Unga ule Mama aliwapa majirani, na ndagala pia, ingawa sote tulikuwa tunawatamani.

Mwaka uliofuata Papa Safari alihamia Brisbane na familia yake. Vita vilirudi kule nyumbani, vikawatawanya watu wa pande zote mbili za mto. Kaka zake walioandika karatasi walikufa, na siku hizi shamba linalimwa na watu ambao hakuna kati yetu anayewajua.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipoikuta tena karatasi ile, ndani ya sanduku la karatasi za visa, Mama aliponituma nikatafute cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu. Niliisoma nimesimama. *Ladite*, sasa nililijua, ni "iliyotajwa hapo juu". Familia iliyotajwa hapo juu, mstari mmoja tu juu, ilikuwa ya Papa Safari. Wao ndio waliokuwa wanaachilia. Walikuwa wanaturudishia shamba lote hadi mtoni, na wanaomba msamaha kwa kifo cha baba yangu mkubwa, ambaye walimtaja kwa jina.

Nilimweleza Baba siku hiyo hiyo, nikilia. Aliketi na karatasi mapajani, akipitisha kidole kwenye jina la kaka yake, neno pekee aliloweza kulisoma. Kisha akaniambia nitafute namba ya Brisbane.

Papa Safari aliponisikia aliniambia alijua tangu siku ile kwamba nimekosea. Kifaransa alikisoma hadi sekondari. Nikamuuliza kwa nini hakunisahihisha.

"Ningesema nini?" alijibu. "Nimwambie mtu, mtoto wako ni mwongo, ndani ya nyumba yake, halafu nimwombe amani?"

Nilimpa Baba simu, nikatoka nje. Walizungumza hadi betri ikaisha. Nilipouliza walisema nini, Baba alisema walikuwa wanahesabu nani bado yuko hai.

Nimewafikiria sana Wakriki wale. Bado naamini walifanya vema kuondoka. Miss Harrigan alitueleza wiki iliyofuata kwamba mwaka mmoja baadaye kiongozi wao alikwenda hadi mji mkuu wa Waamerika akasaini, na mkataba ule ulikuwa na vifungu vya siri ambavyo watu wake hawakuonyeshwa. Sehemu hiyo niliisikia kwa sikio moja. Nilikuwa bado nafurahia korido. Lakini yeye, pale mtoni, aliisoma karatasi hadi mwisho ndipo akaikataa. Mimi nilikataa, ndipo nikajifanya nimesoma. Baba alipouliza nani aliandika, alikuwa anataka kweli kujua. Nilichukua swali lake nikalifanya rungu.

Siku hizi kazini huitwa niwatafsirie wazee wa kwetu mbele ya daktari. Kuna mama mmoja kutoka Uvira ambaye hunishika mkono wakati wote daktari akiongea, akinitazama mdomo. Wiki iliyopita daktari alisema neno la ugonjwa ambalo sijawahi kulisikia. Yule mama alikuwa ananingoja, na daktari ananingoja. Nikamwambia, "Mama, neno hili silijui. Ngoja nimuulize." Akatikisa kichwa kukubali, akangoja, wala hakuuachia mkono wangu.