Mafuta ya Shemeji Mulhim

Zamani kila nyumba hapa mlimani ilinonesha kondoo wake wa majira ya baridi. Siku hizi kila nyumba ina friji, na ndani ya friji mna dawa.

Mulhim, mume wa dada yangu Nazira, ndiye wa mwisho kushika kazi hiyo. Kila kiangazi alikunja majani ya mforosadi na kumsukumia kondoo kooni kwa mkono, hata mnyama akashindwa kusimama. Akishamchinja, nyama ilikaangwa kwa mafuta ya mkia, ikafungiwa mitungini, nasi tukala mpaka theluji iishe.

Mwaka jana, alipokwisha kuchinja, madaktari walimkuta na saratani ya tezi dume. Nilimpeleka hospitali. Daktari, binti mpole, alisema tezi itolewe upesi.

"Na ukiniruhusu, ami, nitachukua kipande cha mafuta yaliyoizunguka. Tunachunguza jeni zake. Kwa wengine zimetulia. Kwa wengine zinafanya kazi sana, na inaelekea hao ndio saratani yao huwa kali. Bado hatuna hakika."

Mulhim alisikia mafuta tu.

"Kumbe saratani inalishwa na mafuta!" aliniambia njiani. "Kondoo ukimnyima majani anayeyuka. Nami nitainyima."

"Shemeji, kasema upasuliwe."

"Wewe umesoma magazeti yaliyofungiwa jibini, leo umekuwa daktari?"

Akagawa mitungi yote. Akala nyanya na kotimiri, upasuaji akauahirisha, kisha akauahirisha tena.

"Utakufa mwembamba!" Nazira alimfokea.

"Tazama mshipi huu unavyolegea, mke wangu. Nani anakufa?"

Theluji ilipoyeyuka mgongo ukaanza kumuuma, tukarudi hospitali. Saratani ilikuwa imeingia mifupani.

"Na yale mafuta yangu," akauliza, "huyataki tena?"

"Hatupasui tena, ami," binti akajibu, macho chini.

Kwa hiyo jeni zake kama zilitulia au zilichacharika, hakuna atakayejua. Nimechoka kuuliza.

Mara ya mwisho nilimkuta ameketi mlangoni pa banda tupu, suruali imefungwa kwa kamba. Nazira alikuwa ameficha mtungi mmoja chini ya kitanda. Alimkaangia yai kwa nyama iliyomo.

Mulhim alimega tonge moja, akatafuna kwa muda mrefu.

"Kondoo huyu nilimlisha vizuri," akasema, akanisukumia sahani.